Mwaka wa Kuchomoa

Jina la nchi hii sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba wenyewe wamelibadilisha mara tatu ndani ya miaka kumi, na kila likibadilishwa mihuri yote huchongwa upya, kwa hiyo tuwaonee huruma wachonga mihuri. Itoshe kusema kuwa ni nchi yenye mito mikubwa, bwawa kubwa la umeme, na giza.

Katika mtaa wa Mapambazuko aliishi fundi wa redio na televisheni, Enea Mtweve, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Mkewe, Tumpe, alikuwa amepika uji wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, kwenye jiko la kuni lisilo na dohani. Siku alipostaafu serikali ilimpa kanga mbili na cheti, na moshi ukampa ugonjwa wa mapafu. Kanga zilichakaa, cheti kikaliwa na mchwa, ugonjwa ukadumu. Hospitali ilimwazima mashine ya oksijeni, kisanduku cheupe chenye magurudumu manne, kinachovuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kumpelekea puani kwa mrija. Daktari alisema saa kumi na sita kwa siku, zisipungue.

Mashine inakula umeme, na umeme wa nchi ile ulikuwa wa mgao. Siku ukikatika, Tumpe aliketi dirishani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbizwa na nyuki, na Enea akimpepea kwa ungo. Hawakuzungumza nyakati hizo. Maneno nayo yanatumia hewa.

Mchana mmoja Enea alizima kila kitu ndani ya nyumba, akaenda kuitazama mita. Bado ilikuwa inasogea. Akarudi ndani akaanza kuchomoa kimoja kimoja: televisheni iliyozimwa kwa rimoti, king'amuzi, redio ya kaseti, chaja ya simu isiyo na simu. Vyote vilikuwa vimezimwa, vimelala, lakini kila chenye kitaa chekundu kilikuwa kinadokoa umeme kidogo kidogo, kama panya kwenye gunia la mpunga. Panya mmoja si neno. Lakini nchi ile ilikuwa na nyumba milioni tatu, na Enea akakaa chini akawahesabu panya wake. Kisha akachukua karatasi, akaandika:

“Ndugu Katibu Mkuu. Naomba wananchi waelezwe kwamba televisheni na king'amuzi vikizimwa kwa rimoti bado vinakula umeme. Wavichomoe kwenye soketi wanapotoka au wanapolala. Pengine mgao utapungua. Mke wangu ni mgonjwa. Wako, Enea Mtweve, fundi. Tena nasikia pale bwawani mitambo mitatu kati ya minne imekufa. Nayo ingetazamwa.”

Hakutegemea jibu. Angekuwa mtu wa bahati, asingelipata.

*

Jibu lilikuja na magari thelathini na moja. Nyuma yake yalifuata malori mawili yenye majenereta, maana kipaza sauti cha Waziri kilikuwa hakijazoea umeme wa wananchi.

Waziri wa Umeme na Utulivu aliitwa Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kasiano Fumbwe. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokifungua yeye mwenyewe, na uhandisi aliupata siku alipokata utepe wa daraja. Alipanda jukwaani katikati ya Mapambazuko, akafuta paji la uso, akaanza.

“Ndugu wananchi! Kwa miaka sitini tumemtafuta adui wa maendeleo. Tulimtafuta mipakani, hatukumwona. Tulimtafuta kwenye vyama vya upinzani, tukampata, tukamfunga, na bado umeme ukakatika! Kumbe mwenyewe yuko sebuleni mwetu! Amekaa juu ya kabati, pembeni ya maua ya plastiki, ametutumbulia jicho jekundu! Tunakula, anatutazama. Tunasali, anatutazama. Tunalala, anakula!”

Watu walishtuka. Wengine walitazamana kwa mashaka, kila mmoja akikumbuka kabati lake.

“Leo,” Waziri alinguruma, “natangaza rasmi Mwaka wa Kuchomoa!”

“Chomoa!” umati ukaitikia.

“Na shujaa aliyemfichua adui huyu ni huyu hapa!”

Enea aliinuliwa kama gunia, akavishwa nishani na mshipi wa hariri ulioandikwa BABA WA KUCHOMOA. Aliona aibu, akaona pia kwamba hii ndiyo nafasi yake. Akamsogelea Waziri.

“Mheshimiwa, na ile mitambo mitatu ya bwawani?”

Waziri akamkumbatia mbele ya kamera, kidevu begani, mdomo sikioni. “Fundi,” akanong'ona, “mitambo ni sera. Wewe shika soketi.”

Hata hivyo, kwa heshima ya shujaa, mtaa wa Mapambazuko uliondolewa kwenye mgao. Umeme ukawa haukatiki, asubuhi hadi asubuhi. Tumpe alivuta hewa yake saa kumi na sita kila siku kwa wiki tano mfululizo. Midomo yake ikaacha rangi ya zambarau. Wiki ya tatu aliinuka akapika ndizi kwa maharage. Wiki ya nne Enea, akiwa kwenye kibanda chake cha ufundi, alisikia sauti ya mtu anayeimba pambio uani, akatoka kuangalia ni nani, kwa maana alikuwa amesahau kwamba mkewe huimba.

“Barua yako imefanya kazi, Baba Lusajo,” Tumpe alimwambia. Lusajo ni mtoto wao wa pekee, dereva wa malori ya masafa, ambaye wakati huo alikuwa nchi ya tatu kutoka hapo akisubiri forodha.

“Tumshukuru Mungu,” Enea akasema. Akaitundika nishani msumarini, juu ya mashine.

*

Jambo jema likiingia serikalini huundiwa mamlaka. Iliundwa Mamlaka ya Udhibiti wa Vitaa. Makao yake makuu yakajengwa ghorofa kumi na tisa za vioo vitupu, na kwa kuwa jua lilipiga vioo vile na watumishi wakaanza kuzimia, kila chumba kiliwekewa viyoyozi viwili. Ghorofa ya tano kulikuwa na Ukumbi wa Ufuatiliaji wenye runinga elfu mbili na mia nne, zikiwaka usiku na mchana, zote zikionyesha ramani ya nchi ikiwa giza. Na juu ya kilima cha mji mkuu liliwekwa neno TUMECHOMOA kwa balbu elfu nane, ili wananchi waliokaa gizani waweze kulisoma.

Wakaguzi wakamwagwa mitaani. Ajuza mmoja wa kusini aliwekwa ndani siku mbili kwa kaa la moto lililoonekana jikoni kwake. Akaachiwa kaa lilipozimika, ushahidi ukawa umepotea. Padre mmoja alitakiwa aeleze kwa nini taa nyekundu ya altare haizimwi tangu kanisa lijengwe. Alieleza. Akapewa kibali cha muda, wakimsubiri mwenye nyumba aje kujaza fomu mwenyewe. Watu wakaanza kupaka vitaa vyao rangi ya kucha, nyeusi. Basi rangi ya kucha ikatiwa kwenye orodha moja na pembe za ndovu.

Hatimaye kila nyumba ikafungiwa Mita ya Nidhamu. Kazi yake ilikuwa kuhesabu muda wa soketi. Kila kaya iliruhusiwa saa mbili za vifaa vya elektroniki kwa siku. Zikiisha, taa za darini huendelea kuwaka lakini soketi zote hufa mpaka kesho; na ukiunga kifaa kwenye waya wa taa, mita hukata nyumba nzima. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, na katikati yake palikuwa na kitaa chekundu.

“Lakini hiki nacho kina kitaa,” Enea alimwambia mfungaji. “Tena hakizimiki.”

“Hicho ni kitaa cha serikali, mzee,” akajibiwa. “Hakihesabiki.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mapambazuko, kwa heshima ya shujaa, umeme ulikuwapo wakati wote. Kilichokatazwa kilikuwa kuutumia.

*

Mkaguzi wa mtaa alikuwa Eutropia Sanga, mwanamke wa miaka thelathini hivi, sare imepigwa pasi mpaka inakata, daftari kifuani. Alipoingia na kumwona Tumpe kitandani, alipiga goti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe si Eutropia wa darasa la nne? Uliyekuwa unarudi na kikombe mara ya pili ukisema uji wa kwanza umemwagika?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Na mimi nilijua hukumwaga.”

Eutropia alicheka, kisha akakumbuka sare, akaacha. Akaizunguka mashine. Akasoma maandishi yaliyo ubavuni. Akafungua daftari, akakaa nalo muda mrefu pasipo kuandika.

“Tatizo ni nini?” Enea akauliza.

“Fomu, mzee. Ina safu mbili tu. Kifaa cha mawasiliano, na kifaa cha burudani.”

“Hiki ni cha kupumua.”

“Naona. Lakini hakuna safu ya kupumua.”

“Iache wazi, basi.”

“Nikiacha wazi, kompyuta ya makao makuu inaandika ‘kifaa kisichojulikana’, na visivyojulikana vinachukuliwa siku hiyohiyo.” Alimtazama Tumpe. “Mama, mashine hii unawasiliana nayo?”

“Hapana, mwanangu. Haijawahi kunijibu.”

“Basi nimeiandika burudani.” Akaandika. “Saa mbili, mama. Nimekusaidia nilivyoweza.”

“Kumbe nilikuwa naburudika,” Tumpe akasema. “Na mimi nikidhani naumwa.”

Siku ya kwanza soketi zilikufa saa nne asubuhi. Enea alichukua ungo. Alimpepea mpaka jua lilipozama, mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto, na juu yao balbu ya dari ikiwaka vizuri kabisa, bila hata kuyumba.

*

Alikwenda mji mkuu akiwa amevaa nishani. Alidhani itamfungulia milango, na kweli ilimfungulia yote. Kila ofisi aliyoingia watumishi walisimama wakapiga makofi, wakapiga naye picha, wakamwita Baba. Ofisi ya kwanza ilimpa chai. Ya pili ilimpa kofia. Ya tatu ilimpa chai tena. Alipotaja shida yake, nyuso zilifunga kama maduka ya wakati wa ghasia.

“Baba wa Kuchomoa,” alisema karani mmoja kwa mshangao wa kweli, “anaomba kuchomeka?”

Mwisho alifikishwa mbele ya Kamati ya Misamaha, watu tisa kwenye meza ndefu. Mwenyekiti alisoma barua ya daktari, akaipitisha kushoto, ikazunguka meza nzima, ikarudi kulia.

“Daktari anadai mgonjwa anahitaji mashine,” Mwenyekiti alisema. “Je, kuna uthibitisho?”

“Uthibitisho ni huyo daktari.”

“Daktari ni shahidi wa upande mmoja. Utaratibu uko wazi. Mwombaji huzimiwa kifaa kwa siku saba mbele ya mkaguzi. Baada ya hapo tunajua.”

Enea akauliza: “Mheshimiwa, akiwa mzima baada ya siku saba?”

“Itakuwa imethibitika kwamba hakihitaji.”

“Na akifa?”

Mwenyekiti alifungua kanuni, akafuata mistari kwa kidole, kwa uangalifu, maana hakuwa mtu wa kubahatisha. “Akifa, uhitaji utakuwa umekoma.”

“Basi sikubali siku saba.”

“Ni haki yako. Ukikataa, ombi linakwenda kwa njia ndefu. Utajibiwa.”

Alipotoka alikutana na Waziri mwenyewe kwenye korido, akitanguliwa na watu wanne waliokuwa wakimfungulia milango iliyokwisha kufunguliwa. Enea alimwangukia miguuni. Hakuwahi kumwangukia mtu tangu siku ya mahari yake.

“Inuka, fundi, inuka. Marumaru hii imepigwa dawa.” Waziri akamshika mkono. “Nimesikia habari za mama. Zimenigusa sana. Lakini nisikilize. Wewe si mtu tena, wewe ni alama ya taifa. Nchi nzima imechomoa ikikutazama wewe. Ikisikika kwamba kwa Baba wa Kuchomoa kuna kitu kimechomekwa mchana kutwa, hao wengine nitawaambia nini?”

“Nivueni hicho cheo.”

“Cheo cha taifa hakivuliki. Ni kama kabila.” Akampigapiga bega, machozi yakimlengalenga, akaingia ukumbini. Mlango ulipofunguka Enea aliona runinga elfu mbili na mia nne zikiwaka kwa pamoja, na baridi ya viyoyozi ikampiga miguuni.

Kalamu yake ilikuwa imemponza. Kichwa chake kilikuwa salama, mapafu ya mkewe ndiyo yaliyoingia matatani. Alirudi nyumbani kwa basi siku nzima akiliwaza hilo, kofia ya ofisi ya pili mapajani.

*

Aliyevumbua njia ni Mama Kissa, jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani. Alimkuta Enea akipepea, akamnyang'anya ungo.

“Kila nyumba ina saa mbili,” alisema. “Daktari alisema ngapi?”

“Kumi na sita.”

“Nyumba nane hizo. Mtaa huu unazo zaidi ya hizo. Watu wazima tunashindwa kugawanya?”

Jioni ileile alizunguka. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi safari ikaanza. Tumpe alikaa kwenye kiti cha mbao, kikabebwa na wanaume wawili. Mashine ikapakiwa kwenye toroli la kubebea mchanga, juu ya mto, na Enea akalisukuma yeye mwenyewe. Saa mbili kwa Enea, saa mbili kwa Mama Kissa, saa mbili kwa Mwalimu Haule, saa mbili kwa Mzee Njelu, na kadhalika mpaka nyumba ya nane. Kutoka soketi hadi soketi Tumpe hakuwa na hewa yake, kwa hiyo wabebaji walijifunza kwenda upesi bila kumtikisa. Yeye alihesabu hatua kimoyomoyo. Toka kwa Mama Kissa hadi kwa Haule zilikuwa tisini na mbili. Toka kwa Haule hadi kwa Njelu, mia moja na arobaini, na kuna mtaro.

Kila nyumba iliyompokea ilikaa bila televisheni wala redio. Watu, kwa kukosa la kutazama, wakamtazama Tumpe. Naye kila alipopata pumzi alisimulia habari za jikoni: mwalimu mkuu aliyeiba sukari akaitia mfukoni, ikamwagika gwarideni, siku paka alipozaa ndani ya sufuria kubwa. Watoto wa Haule walianza kugombania zamu ya nyumba yao. Mzee Njelu, mgane mnuni aliyekuwa haongei na mtu tangu mpira wa kombe uliopita, alitandika kitanda shuka jipya na kumwekea maji ya limau.

“Mama Lusajo,” alimwambia siku moja, “nyumba hii haijawa na sauti ya mwanamke miaka tisa. Hata ukikohoa, kohoa tu.”

Siku arobaini na moja walimbeba. Enea alikonda, viganja vikaota sugu za toroli, lakini alipokuwa akisukuma kulikuwa na kitu kifuani mwake ambacho hakuthubutu kukipa jina.

*

Siku ya arobaini na mbili runinga moja ghorofa ya tano iliwaka njano. Kompyuta iligundua kwamba nyumba nane za Mapambazuko zinamaliza saa zao zote mbili kila siku bila kubakiza hata dakika, moja ikimaliza nyingine inaanza. Taarifa ilimfikia Waziri ikiwa na kichwa kifupi: “Mtaa Unaoburudika Kuliko Yote Nchini.” Mtaa wa shujaa!

Eutropia alitumwa kusoma waraka hadharani. Alisimama kando ya mtaro, daftari limefunika nusu ya uso.

“Imebainika,” alisoma, “kwamba baadhi ya kaya zinafanya biashara haramu ya kuunganisha burudani. Kuanzia leo, kaya itakayopokea burudani ya kaya nyingine soketi zake zitang'olewa kwa mwaka mmoja, na mkuu wa kaya atahudhuria Semina ya Uzalendo kwa miezi mitatu, kambini.”

“Burudani gani?” Mama Kissa alipiga kelele. “Mwangalie huyo kwenye kiti! Huyo anaburudika?”

“Nasoma tu, mama,” Eutropia alisema. “Nasoma tu.”

Hakuna aliyefunga mlango siku ile. Wabaya wangefunga siku ile. Hawa hawakuwa wabaya. Wiki ya kwanza alikuja Mwalimu Haule, ameshika kofia, akasema wakimpeleka kambini hana wa kumwachia watoto. Enea akamwambia anaelewa. Wawili wengine hawakuja kusema. Toroli lilipofika, komeo lilikuwa limefungwa na pazia likitikisika. Wiki ya pili zikabaki nyumba tatu. Mzee Njelu aliwafungulia kila siku, hadi siku walipokuta soketi zake zimeng'olewa ukutani, zimeacha mashimo, na mwenyewe amepandishwa gari la semina akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Maji ya limau yalikuwa bado mezani.

Ikabaki nyumba ya Mama Kissa na yao wenyewe. Saa nne kwa siku. Cherehani ya Mama Kissa ilikaa imefunikwa kitambaa, na wateja wake wakahamia mtaa wa pili. Siku moja walipokuwa wakimbeba kuelekea huko, Tumpe aliinua mkono. Wakamtua chini.

“Nirudisheni nyumbani,” alisema.

“Zimebaki hatua thelathini, Mama Lusajo,” Enea akamwambia.

“Nazijua. Nirudisheni. Mama Kissa ana watoto watano.”

“Nani kakwambia uhesabu watoto wangu?” Mama Kissa alikuja mbio mlangoni, huku analia. “Leteni hiyo mashine!”

Lakini Tumpe alikuwa amepika uji wa watu mia nne kwa miaka ishirini na sita, na akisema jambo kwa sauti ile, halirudiwi.

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Saa mbili za nyumba yao zilikuwa zimekwisha. Enea alimkalisha dirishani, akachukua ungo. Tumpe aliutazama mkono wake ukienda na kurudi.

“Baba Lusajo. Ile barua uliiandika vizuri?”

“Niliandika kwa herufi kubwa, ili wasome.”

“Ungeandika vibaya kidogo,” akasema. Kicheko kikamtoka, kikageuka kikohozi, kikohozi kikamchukua mbali. Aliporudi alimwekea mkono gotini. “Pumzika. Umechoka.”

“Sijachoka.”

“Pumzika.”

Hakupumzika. Aliendelea kupepea kwa muda mrefu baada ya kuwa hapakuwa na wa kumpepea, mpaka Mama Kissa alipoingia akamtoa ungo vidoleni, kidole kimoja kimoja.

*

Walimzika Ijumaa. Lusajo hakuwahi, forodha ilikuwa bado. Wizara ilituma shada la maua na salamu za rambirambi zilizosema kwamba marehemu ameacha mfano wa kuigwa katika matumizi.

Jumatatu Enea aliifuta mashine vumbi, akaizungushia shuka, akaitoa uani. Daktari alikuwa amempigia simu: wodini kulikuwa na mwanamume anayeisubiri, msaga nafaka, mapafu yamejaa pumba. Alikuwa anaifunga kwenye toroli Eutropia alipoingia, bahasha ya kaki mkononi, mihuri saba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Limejibiwa, mzee. Lile ombi.” Sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Limekubaliwa. Saa kumi na sita kwa siku.”

Enea aliitazama bahasha. Alitafuta hasira, akaikosa; alikuta tu uchovu, umekaa pale pale ambapo hasira ingekaa.

“Wapelekee wenyewe. Waambie mwenye kibali amekufa.”

“Kibali si cha mgonjwa, mzee. Ni cha mashine. Mgonjwa hakuwa na safu.” Akafungua karatasi, akasoma bila kuinua macho. “Kifungu cha tisa. ‘Kifaa kilichoruhusiwa hakitahamishwa kutoka kwenye kaya iliyotajwa, wala kutumiwa na asiye wa kaya hiyo. Kitatumika kila siku kwa muda wote ulioidhinishwa, pasipo kukosa. Kibali kisichotumika ni hujuma dhidi ya takwimu za taifa, na adhabu yake itaishukia kaya na majirani zake.’”

“Majirani?”

“Nyumba zile nane, mzee. Zimetajwa kwa majina.”

“Kuna mtu wodini anaisubiri hii mashine, Eutropia. Yuko hai.”

“Najua,” akasema. Machozi yalimdondokea kwenye kola iliyopigwa pasi. “Nikuombe kitu? Usiniambie jina lake. Nikilijua sitalala.”

Ng'ambo ya ukuta Enea alisikia cherehani ya Mama Kissa, ikianza, ikisita, ikianza tena. Akaifungua kamba ya toroli. Akaisukuma mashine ndani, akaifikisha kando ya kitanda, akachomeka. Ikakohoa mara moja, ikaanza kuvuma.

Eutropia alitazama saa yake, akaandika muda wa kuanza, akamwomba atie sahihi, akatia. “Nitapita kila siku saa kumi jioni,” alisema, akaondoka akitembea upande upande kama mgonjwa.

Mrija ulikuwa umeangukia sakafuni. Enea aliuokota, akaupangusa kwa upindo wa shati, akausogeza shavuni. Hewa ilitoka, safi, baridi kidogo, bila kukatika. Akaketi kitandani akiwa ameushika hivyo, asijue auweke wapi. Kibali kilikuwa cha miaka mitano.